Mtoto Asiyelia

Kila alfajiri Keziah Thackray alimnyonyesha mwanawe Jabez, akala kipande cha mkate wa shayiri, kisha akachukua jembe kwenda kupalilia ngano ya Bwana Metcalfe. Jabez alibaki na bibi yake Dorcas, mama mkwe wa Keziah. Jioni Keziah aliporudi, alimkuta mtoto amelala vilevile alivyomwacha.

"Una bahati, mwenzetu," majirani wa kijiji cha Askerby walimwambia. "Wa kwetu wanatutoa roho kwa kilio."

Keziah alitabasamu tu. Moyoni hakuwa na raha. Mtoto alikuwa mwepesi, uso umepauka. Akipewa titi, anavuta kidogo na kuliacha.

Siku moja mvua ilizuia kazi ya shamba. Kasisi Lumley akapita kuwajulia hali. Alikuwa mnene na mcheshi, na ndiye aliyewatibu wanakijiji, maana daktari alikaa mbali. Pia aliandika magazetini kuwatetea wanyonge. Hata aliowakosoa walicheka kwanza, ndipo wakakasirika.

Akamwinamia Jabez. "Nikihubiri, nusu ya kanisa hulala," akasema, "lakini angalau wao hukoroma."

Akamfinya mtoto unyayo. Jabez hakushtuka. Kasisi akaacha mzaha. "Anapewa nini huyu?"

"Dawa ya kumtuliza tu," akajibu Dorcas. "Mama yake yuko shambani kutwa. Nifanyeje?"

"Dawa hiyo ina afyuni, Bi Dorcas."

"Nimewalea saba kwa dawa hiyohiyo, Kasisi!"

"Wangapi wako hai?" akauliza polepole.

Dorcas akageukia moto. "Wawili," akasema mwishowe.

Keziah alimnyakua mwanawe akamkumbatia. "Baba Kasisi, atakufa?"

"Tukiwahi, hatakufa. Sikilizeni. Dawa hii haiondoi njaa, inaificha. Mtoto akilala kutwa hanyonyi. Asiponyonya anadhoofika, na siku moja hata pumzi humshinda. Bi Dorcas, hukujua. Aliyekuuzia ndiye aliyepaswa kukwambia."

"Basi naimwaga sasa hivi!" akasema Keziah.

"Ngoja! Mwili wake umeshaizoea. Ukiikatisha ghafla atadhurika. Tutapunguza kidogo kidogo, nami nitakuja kila asubuhi kumwangalia. Kila akiamka, mnyonyeshe."

"Na shambani? Bwana Metcalfe haruhusu mtu kuacha jembe."

"Niachie mimi."

Mvua ilipokatika, kasisi na Keziah wakaenda shambani. Metcalfe alikuwa zizini.

"Metcalfe, ndama wako mchanga unamweka wapi?" akauliza kasisi.

"Kwa mama yake. Asiponyonya si atakufa?"

"Safi. Basi mtendee Keziah kama ng'ombe wako."

Metcalfe alikunja uso, akamtazama Keziah, kisha kicheko kikamponyoka. "Una maneno wewe! Haya, mtoto aletwe mchana. Na wa wenzake pia."

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Jabez alitetemeka na kulia usiku kucha. Dorcas ndiye aliyembeba, akizunguka naye chumbani mpaka miguu ikamuuma, wala hakulalamika. Polepole mashavu ya mtoto yakaanza kujaa.

Ngano ilipoanza kuiva, kina mama kadhaa walikuwa wakinyonyesha kando ya ua wa shamba kila mchana. Siku moja kilio kikali kikasikika tangu njiani. Wanawake wakainua vichwa.

"Mtoto wa nani huyo mwenye sauti ya tarumbeta?" akauliza Metcalfe.

Keziah alikwisha kutupa jembe, anakimbia.

"Wa kwetu," Dorcas akajibu kwa fahari, akifika huku akihema na mtoto mikononi. "Ana njaa."