Aya Iliyorukwa Jukwaani

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kasuku alipitia jikoni mwa shule. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimbandika kwa sababu sauti yake ilisikika kutoka darasani hadi langoni. Lakini hakuanza hivyo. Alipokuwa darasa la nne alisoma kwa kunong'ona kama mbu aliyefungiwa chupani, na aliyemtoa huko ni mpishi wa shule, ambaye wote walimwita Mama Mwiko.

Mpishi hakuwa na mbinu nyingi. Alimkalisha juu ya gunia la maharage, akamwambia afungue kitabu, naye akaendelea kukoroga uji huku mifuniko ikigongana.

"Sikusikii," alisema. "Hata sufuria haikusikii. Rudia."

Miaka mitatu ya "rudia" ndiyo iliyomfanya Kasuku achaguliwe kusoma risala ya wahitimu siku ya mahafali. Aliiandika mwenyewe, akaja kuisoma jikoni. Aya ya nne ilimhusu mpishi. Alipoifikia, Mama Mwiko aliacha kukoroga.

"Utayasema hayo mbele ya mgeni rasmi?"

"Nitayasema, mama."

"Haya, basi nitamleta mama yangu. Mwaka wa kumi na moja huu ananiuliza nitaiacha lini kazi ya masizi."

Siku ikafika. Wahitimu walipanga mstari nyuma ya turubai, na kaka mkuu akachungulia karatasi ya Kasuku.

"Eti mpishi," alisema. "Wenzako wanashukuru wakubwa, wewe unashukuru mwiko? Mgeni rasmi atadhani unaomba ukoko."

Mstari mzima uliangua kicheko. Kasuku naye akacheka, ili asionekane ameumia.

Jukwaani aliwashukuru walimu, wazazi na kamati ya shule. Kisha akainua macho. Mstari wa nyuma kabisa, pasipofikiwa na kivuli cha turubai, Mama Mwiko alikaa na gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama. Kando yake alikuwepo bibi kizee, kiganja nyuma ya sikio. Kasuku alikisikia tena kile kicheko. Akairuka aya ya nne, akaendelea na ya tano.

Makofi yalirindima. Mgeni rasmi alimpa mkono, akasema sauti kama ile itafika mbali. Bibi kizee peke yake hakupiga makofi. Kiganja kilikuwa bado sikioni. Alikuwa akingoja.

Watu walipotawanyika, Kasuku alimkuta Mama Mwiko jikoni, amefunga aproni juu ya lile gauni.

"Nilisahau, mama."

"Karatasi ulikuwa nayo mkononi, mwanangu."

Kasuku akaikunjua karatasi. "Basi nikusomee sasa," alijaribu.

"Mimi nimeshaisikia mara sita. Ambaye hajaisikia ni mama, naye amepigwa jua asubuhi nzima. Ameniuliza nilikosa nini mpaka mtoto akaogopa kunitaja."

Hakumgombeza. Alimpakulia chakula kama kawaida, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Mama Mwiko na karatasi yake. Bibi alikuwa mlangoni, anashona kifungo cha shati.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyesoma risala. Mwanao hakukosa lolote. Wenzangu walinicheka, nikaona aibu kumtaja. Kisha nikamdanganya kwamba nilisahau."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Marahaba. Umeileta?"

"Nimeileta."

"Ngoja, kamwite jirani kwanza. Nikisikia peke yangu nitaambiwa nimeota."

Jirani alikuja na kigoda chake. Kasuku akasoma aya ya nne yote: jinsi alivyokuwa hasikiki, jinsi mpishi alivyomvumilia kila asubuhi, na kwamba sauti yake ilipikwa jikoni. Mama Mwiko alisimama ndani, nyuma ya pazia, asitoke. Kasuku alipomaliza, jirani alisema, "Kumbe!" Bibi alichomeka sindano kwenye shati.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Kikitolewa kikiwa moto hushibisha kijiji. Kikipoa huliwa, lakini hakishibishi."

Kasuku alifikiri, akashindwa. "Nakupa mji, bibi."

"Niupeleke wapi, na miguu hii? Ni shukrani, mjukuu wangu. Umekosa, ukakiri, ukaja mwenyewe, tumekusamehe. Lakini wale waliojaa pale uwanjani wamekwenda zao, na hakuna atakayewakusanya tena wamsikie mwanangu akitajwa. Aliyekufaa mtaje pale pale watu walipo, hata kama watacheka. Kicheko hupita siku hiyo hiyo. Hili lako utatembea nalo."

Akamsogezea kigoda. "Sasa kaa. Tule kilichopoa."