Mate Kabla ya Mswaki

"We mama mtoto! Hujaamka tu? Siku hizi unadeka kweli!"

Ni mama mkwe huyo, mlangoni, na jua bado halijachomoza.

Kudeka! Mkwewe, fundi cherehani, alikuwa na mtoto wa wiki sita. Usiku ule aliamka mara tano. Sasa alitakiwa apike, afue, kisha akae kwenye cherehani mtoto akiwa mgongoni. Akisema amechoka, anaambiwa wenzake walizaa saba na hawakulalamika. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati alipotafuta mama na watoto wao wa kupimwa msongo wa mawazo kwa kutumia mate, fundi alijiandikisha wa kwanza. Alitaka aaminiwe, basi.

Lakini wapi! Sampuli za kwanza zilikataliwa. Za pili nazo zikakataliwa.

"Mate yako yana dawa ya meno, ya mtoto yana maziwa," alisema muuguzi. "Si nilikueleza?"

"Ulinieleza, dada. Tatizo liko nyumbani. Njoo ujionee mwenyewe."

Kesho yake asubuhi muuguzi akafika. Alimkuta mama mkwe amesimama na mswaki mkononi, tayari umepakwa dawa.

"Piga mswaki kwanza!" mama mkwe alikuwa akisema. "Utapelekaje mate ya usingizini kwa watu wa watu? Watasema ukoo wetu mchafu. Na mtoto mnyonyeshe, aende ameshiba."

"Mama, nimechoka!" Fundi alikaribia kulia. "Hata mate yangu huniachii?"

Muuguzi akaupokea mswaki taratibu.

"Mama, usafi ni jambo jema, ila hapa unatuharibia kazi. Mtu akilemewa, mwili wake hutoa homoni. Homoni hiyo hufika mpaka kwenye mate, ya mama na ya mtoto pia. Tunayachukua kwa kijiti cha pamba, bila sindano. Lakini dawa ya meno, chakula na maziwa huvuruga kipimo."

"Kumbe! Na saa mnayoandika kwenye karatasi ni ya nini?"

"Homoni hiyo huwa juu asubuhi, jioni hushuka. Lazima tujue tumepima saa ngapi."

"Haya. Kwa hiyo kipimo kitatuambia kama anadeka?"

"Hapana, mama. Namba peke yake haitoshi kumjua mtu. Lazima tumuulize pia. Wewe umewahi kumuuliza?"

Fundi hakungoja kuulizwa.

"Silali, mama. Juzi nilijishona kidole kwa usingizi. Naogopa siku moja nitamwangusha mtoto."

Siku hiyo mate yalichukuliwa vizuri, kabla ya mswaki, kabla ya titi. Muuguzi akasema mama mwenye mtoto mchanga anahitaji usingizi na watu wa kumsaidia, na kwamba huzuni isipoisha arudi zahanati haraka. Mume wa fundi akapewa ndoo ya nguo na jiko la asubuhi. Alinung'unika, lakini alifua.

Mwezi ulipopita, mteja mmoja alikuja kudai gauni lake asubuhi. Mama mkwe akatoka nje, mjukuu kifuani.

"Rudi saa nne. Fundi amelala."

"Mpaka saa hizi? Hajambo kweli?"

"Hajambo. Alikuwa amechoka, nami nikamwita mvivu. Nilikosea."

Ndani, fundi alikuwa ameamka zamani. Alisikia kila neno. Akalia kwa furaha, kisha akajifunika shuka na kulala tena.