Wiki Aliyozima Simu

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mchana kweupe, jengo zima likiwa limefurika wanunuzi. Ndani watu walibanana kama njiti za kiberiti, na mmoja wao alikuwa mshonaji wa ghorofa ya nne, amevaa gauni la zambarau lenye kola nyeupe aliyoishona mwenyewe, amekumbatia jora la satini utadhani mtoto mchanga. Taa ilipozimika, mama mmoja akaanza kulia. Mshonaji akamshika mkono, akafumba macho, akaomba kwa sauti, bila haraka, kama mtu anayezungumza na baba yake sebuleni.

"Dada, hapa anatakiwa fundi, siyo Mungu," bwana mmoja mwenye tai akasema. Watu wakacheka gizani.

"Namwomba amlete huyo fundi," akajibu, akaendelea.

Mlango ukafunguka nusu. Kichwa kikachungulia kutoka juu, shavu limepakaa grisi, macho yanacheka.

"Nani alikuwa anaomba humu?"

Wote wakamnyooshea kidole kana kwamba ameiba.

"Pole, dada. Nadhani uliagiza malaika. Aliyekuwa zamu ni mimi."

Mshonaji akampa jora kwanza, mkono baadaye. Kiganja kile kilikuwa kigumu na cha moto, na jioni hiyo alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akaushona tena palepale.

Tangu hapo lifti ile ikawa inakaguliwa kuliko lifti yoyote mjini. Fundi alipokuwa kazini mbali, simu ilifanya kazi yake.

"Kola Nyeupe, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda, mpenzi. Katafute chakula."

Wenzake dukani walimwita Mlokole, na mpiga pasi, shoga yake mwenye ulimi wa wembe, ndiye aliyembatiza jina hilo. Lakini fundi hakuwahi kumcheka. Mshonaji aliposali, yeye alingoja. Mshonaji akaanza kuamini kwamba amepata mtu ambaye hatalazimika kujificha mbele yake.

Ndipo wakaalikwa chakula kwa kaka yake fundi, mwalimu wa fizikia, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Wakiwa getini, fundi akamvuta kando.

"Kipenzi, nina ombi dogo. Mezani, kwa leo tu, usisali."

"Kwa nini?"

"Kaka hataki. Mama alipougua, watu waliomba nyumbani kwetu mpaka sauti zikawakauka. Bado tukamzika."

"Pole, mpenzi. Sitamhubiria mtu. Nitainamisha kichwa kimya, basi. Hilo siwezi kuliacha."

Fundi akagonga mlango.

Meza ilikuwa ya kioo, sahani nyeupe, vijiko vimepangwa kama kwenye hoteli. Mshonaji akainamisha kichwa.

"Shemeji, umesinzia?" mwalimu akauliza.

"Nashukuru kwa chakula, shemeji."

"Chakula hicho kimetoka kwenye mshahara wangu. Nishukuru mimi, niko karibu zaidi."

"Na wewe asante. Wewe nakushukuru kwa sauti kabisa."

Mke wa mwalimu akatabasamu. Mwalimu hakutabasamu. "Msichana mzima na akili zako, unaongea na dari. Mama yetu naye aliliongelesha sana dari lile. Mwambie, mdogo wangu, lilimjibu nini?"

Fundi alitazama sahani.

"Kwa nini mama hakupona, sijui," mshonaji akasema taratibu. "Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya. Ila siwezi kuacha kumshukuru Mungu kwa sababu ya kuona haya."

Akamgeukia fundi, akitafuta hata nusu ya jicho. Fundi alikuwa anaikimbiza punje moja ya wali kwa uma, kichwa chini.

Walipotoka, mshonaji hakusubiri kusindikizwa. "Kaka yako amenicheka, yake yameisha. Wewe umenionea haya." Akaondoka, viatu vikilia kwenye lami.

Kesho yake kanisani kwao kulianza wiki ya mfungo. Alizima simu kama alivyofanya kila mwaka, akaitupa kwenye droo ya nyuzi. Halafu akapiga magoti akaomba jambo ambalo hakumwambia mtu: *Bwana, kama huyu ni wangu, apige simu wiki hii. Asipopiga, nitaelewa.*

Wiki ilikuwa ndefu. Alipanda ngazi ili asiione lifti. Kamba za lifti zikilia ukutani, sindano ilisimama yenyewe. Mara moja alinusa grisi kwenye korido, akageuka haraka. Alikuwa fundi mwingine, mzee, amebeba ngazi.

Mfungo ulipokwisha, akaiwasha simu. Hakuna kitu. Ujumbe wa matangazo tu.

"Enhe, Mlokole," mpiga pasi akasema. "Umekonda wiki nzima. Huyo Mungu wako kakupa nini?"

"Kimya."

"Sasa si uache?"

"Kwani nilimfuata ili anipe mwanamume? Naumia, shoga yangu. Usiku nautafuta mkono wake ndotoni. Lakini siachi."

Mpiga pasi akachemsha chai, akamletea.

Mwezi ukapita. Alasiri moja fundi akatokea mlangoni mwa duka, shati jeupe lililonyooshwa, macho yamezama.

"Nimekuja kuuliza jambo moja, halafu niondoke. Kwa nini ulinifungia simu?"

"Nani kakufungia? Wewe ndiye hukupiga."

"Nilipiga. Asubuhi, mchana, jioni, wiki nzima baada ya siku ile. Haipatikani, haipatikani. Nikasema basi, jibu ndilo hilo."

Mshonaji akakaa chini taratibu. "Ilikuwa wiki ya mfungo. Nilizima. Nilikuwa naomba."

"Unaomba nini?"

"Upige."

Mpiga pasi akageuka, pasi ikabaki juu ya nguo.

"Ngoja nielewe," fundi akasema. "Ulimwomba Mungu nipige simu."

"Ndiyo."

"Halafu ukazima simu."

Mpiga pasi alicheka mpaka suruali ya mteja ikaanza kunuka moshi. Mshonaji naye akacheka, machozi yakimtoka, uso ameuficha kwenye kitambaa.

"Basi alikujibu," fundi akasema kwa sauti ya chini, akachuchumaa mbele yake. "Alikujibu mara nyingi sana. Wewe ndiye hukuwepo."

"Na wewe mezani ulikuwa wapi?"

"Tangu mama afe, kila mtu ananiambia anajua kwa nini. Wewe ndiye wa kwanza kusema hujui. Nikaogopa kuinua uso, ningelia mbele ya kaka. Lakini kukuomba usisali, pale nilikosea. Nisamehe."

Hakungoja jibu. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Kaka, Jumamosi nakuja na shemeji yako, akikubali. Atasali mezani. Ukitaka kucheka, nicheke mimi niliyemleta."

Upande wa pili ikasikika televisheni tu.

"Bado anatusalimia, baada ya yale niliyomwambia?" mwalimu akauliza.

"Nawasalimia, shemeji," akajibu mshonaji.

Mwalimu akakohoa. "Basi uombe kifupi. Chakula kinapoa." Akakata.

Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kola, nataka nikuoe."

*Ndiyo* ilimjaa mdomoni kama maji. Mshonaji akaimeza.

"Wewe unamwamini Mungu?"

"Sijui. Nina maswali tele."

"Sitaki mume anayeinamisha kichwa ili kunifurahisha mimi. Nenda na maswali yako kwake, umuulize mwenyewe. Jumapili kanisani nitakushikia nafasi pembeni yangu. Ukipata jibu lako, njoo uniulize tena."

"Na nikichelewa?"

"Nitakungoja. Usiniulize mpaka lini, mpenzi, nitashindwa kujikaza."

Fundi akasimama. Aliutazama mkono wa mshonaji bila kuugusa, akaenda hadi mlangoni, akageuka.

"Na simu?"

"Iko wazi," mshonaji akasema. "Mchana na usiku."