Taa ya Mke Mkubwa

Kwanza ulikuwa msonyo tu.

Haika alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la kioo, kwenye makumbusho madogo mjini Saint Paul, akielekeza taa kwenye kanga mbili za zamani, ya mke mkubwa na ya mke mdogo wa bwana mmoja wa Pangani. Taa alizichagua mwenyewe, majira hayo ya baridi ya mwaka tisini na sita: nyuzi za kioo zinazoleta mwanga bila joto wala miale inayopausha rangi. Kanga ya mke mkubwa ilikuwa imechakaa, basi akaipa mwanga hafifu isiharibike. Ya mdogo ikang'aa.

Akageuka. Hakuona mtu.

Gasto, mumewe, akaingia kumchukua warudi nyumbani Brooklyn Park. Alimmiminia chai ya tangawizi, akaipuliza kwanza isimuunguze.

Msonyo tena, ndani ya kioo.

"Umenisonya, mume wangu?"

"Mimi? Kwa chai niliyopika mwenyewe?"

Kikombe kikapasuka mkononi mwa Gasto. Damu ikatiririka.

"Usinisogelee," Haika akanong'ona. "Kila ukinitendea wema, anakasirika. Atakuua."

"Nani?"

Harufu ya udi ikajaa chumbani, ingawa kabati lilikuwa limekazwa skrubu pande zote, na kanga ya mke mdogo ikaanza kupauka mbele ya macho yao, ua moja baada ya jingine, huku Gasto akishika koo na kutafuta pumzi, mpaka Haika akaelewa ni nani aliyeachwa kwenye kiza na kwa nini ana wivu.

"Mama," akasema akiigeukia kanga iliyochakaa, "nilikupunguzia mwanga nikikutunza. Sikukunyima."

Akashusha taa ya mdogo hadi zote mbili zikalingana. Gasto bado alikuwa akikosa pumzi. Kwa hofu Haika akaongeza: "Niachie mume wangu! Tangu leo mke mdogo hatapata kitu ambacho wewe hukupata."

Udi ukatoweka. Gasto akavuta pumzi. Haika akamkumbatia, akalia.

Mlangoni, theluji ikianguka, Gasto akamvika mkewe koti, akamfunga vifungo hadi shingoni. Kisha akavua koti lake mwenyewe, akalitandaza hewani kando ya Haika, akafunga vifungo kimoja kimoja, kwa upole uleule.

Koti halikuanguka.

"Twendeni," akasema akitabasamu. "Wake zangu msije mkapigwa na baridi."