Nyumba Iliyofungwa kwa Ndani

Mimi ni mwalimu wa darasa la kisomo hapa Newala mjini. Jina langu Veridiana. Mdomo wangu ni mkali, wanafunzi wangu wanajua. Habari hii niliiona kwa macho yangu, isipokuwa sehemu ya mwanzo. Hiyo niliambiwa na Gasper, huku anatetemeka.

Gasper na mkewe Dominika walikuwa jirani zangu, ukuta kwa ukuta. Kila asubuhi Gasper alitoa cherehani yake barazani akashona. Dominika alifagia uwanja, akachukua ndoo, akaenda kutafuta maji. Binti yao Dorika alikuwa kijijini Mnyambe kwa bibi yake, anasoma huko. Na Dominika alikuwa mjamzito, mimba inaingia mwezi wa nane.

Mimba ile ilikuwa na hofu yake. Mwaka juzi, wakiwa bado Mnyambe, uchungu ulimshika Dominika shambani. Wakampakia kwenye baiskeli kumkimbiza hospitali ya mjini. Mtoto alizaliwa njiani, mchangani. Hakulia hata mara moja. Ndiyo maana wakahamia mjini.

"Mwalimu, huyu nitamzalia hospitali," Dominika aliniambia. "Kijijini sirudi na tumbo."

Basi, mwezi wa kumi wa mwaka, msimu wa korosho, ukafika. Miaka ile soko la korosho lilikuwa limefunguliwa. Zamani tuliuza kwa ushirika tu. Sasa walikuja wanunuzi kutoka kila upande, na kila mmoja alitaka nyumba ya kulala na mahali pa kuweka magunia. Mwenye nyumba wa akina Gasper akawaambia, "Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

Gasper akaanza kuzunguka. Nyumba ya kwanza aliambiwa aje Jumatatu aione. Jumatatu akakuta magunia yamejaa mpaka dirishani. Ya pili aliambiwa saa nne. Akafika saa tatu na nusu, akakuta watu wanaingiza vitanda. Ya tatu, mwenyewe hata hakusimama. "Fundi, umechelewa," alisema. "Ungekuja juzi." Zilibaki siku tisa.

Hapo ndipo alipotokea dalali mmoja, anaitwa Reginald. Shati limenyooshwa kwa pasi, maneno laini kama uji.

"Fundi, ninayo nyumba kule ukingoni, juu ya bonde," alisema. "Haipangishwi, inauzwa. Ilikuwa ya marehemu. Mdogo wake, Bwana Alfani, ndiye anayeiuza. Ni tupu, inakungoja wewe."

"Nitakuja na mke wangu tuione," Gasper akasema.

"Aa, usimsumbue mama na hali yake. Kuona nyumba ni kazi ya wanaume. Yeye atakuja kupanga vyombo. Njoo kesho saa saba mchana."

Gasper hakuwa na fedha ya kununua nyumba. Alikuwa na mikorosho aliyoachiwa na mama yake Mnyambe. Aliamua kuiuza yote. Fikiria, mtu anauza urithi wake kwa nyumba ambayo hajaiona.

Saa saba ile jua lilikuwa la kuunguza. Nyumba ilisimama peke yake mwisho wa njia. Majirani wote walikuwa wamehamia mashambani kuokota korosho. Hata kuku hakupita. Wanaume wengine watatu walikuwa wamesimama uwanjani, nao wanaitaka. Reginald akasema ufunguo uko Masasi kwa Bwana Alfani. Akawaonyesha kuta kwa kidole, akawaonyesha bati, akawaambia, "Wa kwanza kulipa ndiye mwenye nyumba." Kisha akaondoka haraka.

Wale watatu wakaondoka naye. Gasper akabaki. Alitaka angalau kupima nyumba kwa hatua. Akaanza kuzunguka, anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika nyuma aliona kizingiti cha mlango wa uani kimelowa maji. Newala hii, mwezi wa kumi, maji ya kumwaga chini yanatoka wapi? Akasikia harufu ya ubani. Nywele zikamsimama.

Hata hivyo akarudi mbele, akagonga mlango mara tatu.

Kimya.

Halafu kutoka ndani, polepole, ikajibu. Du. Du. Du.

Gasper akasema, "Hodi! Kuna mtu?" Hakuna aliyesema neno. Akaweka jicho kwenye ufa wa dirisha. Katikati ya ukumbi kulikuwa na kitu cheupe, kirefu, kimesimama wima. Hakikusogea. Gasper naye hakungoja kisogee. Alikimbia mpaka nyumbani, kandambili moja akaiacha huko huko.

"Shikamoo mwalimu," alisema, anahema.

"Marahaba. Kandambili nyingine iko wapi?"

Akanisimulia yote. Dominika alikuwa ameketi mkekani, mikono juu ya tumbo.

"Na bado utainunua?" nikamwuliza Gasper.

"Nitainunua. Mwenye kununua mikorosho anakuja kesho saa sita. Saa saba namlipa Reginald."

"Nyumba yenye jini?"

"Afadhali jini, mwalimu, kuliko barabara ya Mnyambe!"

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, kisha akafunika uso kwa mikono. Dominika alianza kulia. Mimi nimezoea kufundisha, na mwalimu akishindwa kulia huuliza maswali.

"Gasper, mlango ule una kufuli?"

"Hauna, wala kitasa cha ufunguo."

"Ulijaribu kuusukuma?"

"Niliusukuma. Umekazwa kabisa."

"Kufuli hakuna, na mlango haufunguki. Sasa umefungwa kwa wapi?"

Dominika ndiye aliyejibu.

"Umefungwa kwa ndani."

"Ehee! Na jini tangu lini akatia komeo? Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kufunga nyumba kwa ndani, naye ni mtu aliyemo ndani. Kesho asubuhi tunakwenda, mimi na Dominika. Wewe utakaa na cherehani yako."

"Lakini Reginald alisema wanawake wasiende."

"Ndiyo maana tunakwenda."

Nawaambia ukweli, maneno yangu yalikuwa makubwa kuliko moyo wangu. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma, umejaa njia nzima. Dominika alikuwa hatua tatu mbele yangu, nami simwoni vizuri. Nyumba ilitokea ghafla, nyeupe ndani ya weupe. Kandambili ya Gasper ilikuwa pale mlangoni. Mtu alikuwa ameisimamisha vizuri kando ya ukuta.

Dominika akagonga mara tatu.

Du. Du. Du, ikajibu ndani.

Dominika akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akapaza sauti, "Hodi, mwenye nyumba! Sisi ni wanawake tu!"

Tukasikia komeo linavutwa. Mlango ukafunguka kidogo. Akatokea mwanamke mwenye nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni, amekonda, macho yamevimba. Mkononi alishika mchi wa kutwangia.

"Karibuni," alisema. "Siku ngapi nimengoja mwanamke agonge mlango huu."

Aliitwa Mwanakombo. Mume wake alikuwa amefariki miezi mitatu na zaidi iliyopita. Alikuwa amekaa eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, wala hazungumzi na wanaume wasio ndugu zake. Dada yake alikuwa akimletea maji ya kutawadhia na chakula kila alfajiri, akipitia mlango wa uani, kisha akiwahi shambani; ndiye aliyeisimamisha ile kandambili.

"Pole sana na msiba, mama," tukasema.

"Nimeshapoa. Mna habari gani? Nani hawa wanaume wanaokuja hapa mchana? Wanagonga kuta. Wanachungulia. Jana mmoja alizunguka nyumba anahesabu hatua, kama anayepima kaburi. Siwezi kuwajibu kwa mdomo. Nikagonga kinu kwa mchi, wajue kuna mtu. Lakini nilipomsikia anahesabu, nikasema moyoni, leo marehemu amekuja kunichukua. Nilisimama pale ukumbini, miguu ikagoma."

Dominika aliinamisha kichwa. "Huyo wa jana ni mume wangu. Alikuja kuinunua nyumba hii."

"Nyumba gani?"

"Hii. Shemeji yako Alfani anaiuza."

Mwanakombo aliuweka mchi chini. Kisha akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Maji ya matofali haya niliyabeba mimi kichwani, kutoka chini bondeni," alisema. "Alfani aliniambia nisifungue mlango kwa mtu, nisije nikaharibu eda. Kumbe!"

Sasa tukaelewa yote. Alfani aliiuza nyumba wakati ule ule mjane haruhusiwi kutoka na majirani wako mashambani. Reginald aliwaleta wanaume tu, kwa sababu alijua wanaume hawatajibiwa. Na wanunuzi, kwa haraka ya kutangulia wenzao, hakuna aliyeomba kuingia ndani. Nyumba inauzwa na mtu yumo!

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Ebenezer, nikamkuta shambani kwake anaokota korosho. Aliacha kikapu pale pale. Kabla ya saa sita tulikuwa barazani kwa Gasper, na yule mnunuzi wa mikorosho alikuwa anafika.

"Gasper, usiuze kitu," nikasema. "Keti unisikilize kama uko darasani."

"Kuna nini, mwalimu? Mmemwona?"

"Tumemwona. Ni mjane, na wewe ndiye jini lake. Sasa niambie, Reginald alikuonyesha barua gani?"

"Hakunionyesha barua."

"Mtu akifa, nyumba yake haiuzwi na yeyote anayesema ni ndugu. Ukoo unakaa kikao. Unapendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo inatangaza, mwenye pingamizi aseme, kisha inamteua. Huyo ndiye mwenye mamlaka juu ya mali, kwa niaba ya warithi wote, mjane akiwemo. Ukinunua kwa mwingine, warithi watakuja kudai, na wewe utabaki na karatasi yako mkononi."

Mzee Ebenezer akaongeza, "Na mnunuzi apitie kwangu kwanza. Mimi najua nani amezaliwa wapi, amefia wapi na anaishi wapi. Kisha aingie ndani, chumba kwa chumba, mchana, na mkewe. Nyumba usiyoruhusiwa kuingia, iache."

Gasper akasema kwa unyonge, "Ningechelewa, mzee. Wengine wangeichukua."

"Wangechukua kesi!" Mzee Ebenezer alijibu.

Saa saba Reginald alimkuta mjumbe uwanjani kwa Mwanakombo badala ya wanunuzi. Aligeuka bila salamu, na tangu siku ile sijamwona Newala. Dada yake Mwanakombo alikwenda mahakamani kwa niaba yake kuandikisha shauri. Karani alisema mpaka msimamizi apatikane, nyumba haiuzwi. Alfani aliitwa kwenye kikao cha ukoo, akasema ni shetani tu. Wazee wakamwambia shetani hana dalali.

Lakini Gasper na Dominika walikuwa bado hawana pa kwenda. Siku zilibaki tano. Mwanakombo ndiye aliyeniita.

"Mwambie yule mwenye mimba aje," alisema. "Nina vyumba vinne na ukimya. Mumewe asubiri nimalize eda, kisha nitawapa vyumba viwili vya uani, vyenye mlango wao. Tuandikiane mbele ya mjumbe."

Ikawa hivyo. Dominika alihamia peke yake. Gasper alilala chumbani kwangu na cherehani yake, baina ya nguo za watu, siku ishirini na tatu. Nami nikahamia kwa shangazi yangu, maana watu wa mjini hawakosi la kusema. Siku eda ilipokwisha, Gasper alibeba mashine yake kichwani, mbio kama bwana harusi.

Siku mbili baadaye mvua ya kwanza ilinyesha. Ilikuwa mchana. Gasper alikuwa sokoni kutafuta nyuzi. Dominika alikuwa anakunja nguo, uchungu ukamshika ghafla, akaanguka kwa magoti. Akaita. Mvua ilikuwa inapiga bati, sauti yake hata yeye hakuisikia. Alisema baadaye kwamba alinusa mchanga wa barabara ya Mnyambe, mle mle chumbani.

Akainua mkono, akagonga ukuta mara tatu.

Upande wa pili ukajibu. Du. Du. Du.

Mwanakombo alikuja na khanga mbili na mwavuli uliovunjika. Hakuwa ametoka barabarani zaidi ya miezi minne. Safari yake ya kwanza ilikuwa kumshika Dominika kiunoni, hatua kwa hatua, mpaka hospitali.

Niliwakuta huko jioni ile. Gasper alikuwa mbele ya mlango wa wodi, amelowa, nyuzi zimemzunguka mkono. Alikuwa ametega sikio. Kulikuwa na kimya. Nilijua anangoja nini, nami nilikuwa nangoja hicho hicho.

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, bila kupumzika.

"Huyo ni wetu?" Gasper aliniuliza. "Mwalimu, huyo ni wetu au wa mwingine?"

Mwanakombo, aliyekaa kwenye benchi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Gonga mlango, baba, uulize," alisema.

Gasper akagonga mara tatu. Nesi akafungua.