Miche Iliyoelea

Kopo lilikwaruza sakafu gizani, kisha kimya. Vania alijibana ukutani, mikono imejaa udongo. Alfajiri hiyo alikuwa ameng'oa miche ya kunde ya jirani yao, Mama Sharifa, akaipachika kwenye kopo lake la shule.

Shuleni kwao Mikindani, kila mwanafunzi wa darasa la sita alipanda kunde na kuzimwagilia maji ya mahali tofauti, ili Mwalimu Athumani awaambie wazazi maji yapi yanafaa shambani. Vania alipewa maji ya kisima cha chumvi. Mbegu zake zikaoza. Nadeem, jirani yake wa dawati, hakuisha kumchokoza: "Kopo lako kaburi, dada. Lini arobaini?"

Mama aliwasha tochi ya simu. "Kumbe zimeota?"

"Zimeota, Mama."

Mama akachota maji kwa kata, akayamimina koponi. Miche ikalala, ikaelea, mizizi haijashika udongo.

Mama hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Vania.

"Unajua kwa nini jana nimerudi nimenuna?" Mama alifanya kazi katika maabara ya utafiti wa malaria mjini Mtwara. "Tunachukua protini zilizo juu ya kimelea cha malaria, tunazikutanisha na zile zilizo juu ya chembe za damu, kwenye vishimo vidogo vya kisahani cha maabara, tuone ipi inashika ipi. Kisha tunaosha. Iliyoshika kweli hubaki, ikatoa rangi ya buluu. Iliyojibandika tu huenda na maji. Jana mwenzetu mmoja kapuuza kuosha. Vishimo vyote buluu, naye anachekelea! Kazi ya wiki nzima tumeitupa. Tungenyamaza, dawa ingetafutwa penye uongo, watoto wanaumwa. Nimerudi na hasira hiyo, nawe unanipikia nyingine."

Vania naye alipandwa na hasira. "Lakini hili kopo tu, Mama. Si dawa."

"Kopo tu? Mwalimu Athumani akiwaambia wazazi maji yale yanaotesha kunde, Mama Sharifa atamwagilia shamba zima. Zikioza, watoto wake watakula kopo lako?"

Vania akainamisha kichwa. Hasira ilikuwa bado, ila sasa ilimgeukia mwenyewe.

"Mbegu iliyogoma imekupa jibu, mwanangu," Mama akasema, sauti imeshuka. "Jibu usilolipenda si aibu. Aibu ni kulipaka rangi. Twende kwanza kwa mwenye miche."

Mama Sharifa aliwasema mpaka jua likatoka, ndipo akasamehe.

Darasani, Mwalimu Athumani alifika kwenye dawati lao. "Haya Vania, maji ya chumvi yametupa nini?"

Vania alisimama na kopo lake la udongo mtupu.

"Mwalimu, mbegu zangu zimeoza zote."