Bega Alilolificha Jemutai

Kila Jumamosi, kabla jua halijashika moto, Jemutai alitoka kwao Lanet kwenda kwenye bwawa la klabu mjini Nakuru. Baridi ilimuuma kwelikweli, lakini msichana huyo wa miaka kumi na mitatu hakujali. Kocha Ndegwa alikuwa amemteua awe mwogeleaji wa mwisho katika mbio za kupokezana za kaunti, na hakutaka mtu yeyote aiguse nafasi hiyo.

Tatizo lilikuwa bega lake la kushoto. Lilianza kwa kuuma kidogo tu. Sasa hata kuchana nywele kulikuwa kazi. Je, alimwambia mtu? Thubutu! Alijipaka dawa ya kuchua, na wenzake walipoondoka, akaongeza mizunguko mingine kwa siri.

"Jemu, unanuka dawa kama nyanya yangu," Sue, rafiki yake wa timu, alimtania. "Si umwambie Kocha?"

"Nikimwambia atanitoa. Nyamaza, tafadhali."

Siku hiyohiyo, katikati ya bwawa, mkono ulikataa kuinuka. Jemutai alishika kamba inayotenga njia za kuogelea, akalia kwa sauti. Kocha alimtoa majini, akamfunika taulo.

"Bega hili lilianza kuuma lini?"

"Mwezi jana. Usinitoe kwenye timu, Kocha, nakuomba!"

"Mwezi mzima! Wee Jemutai, ulitaka uende mashindanoni na mkono mmoja?"

Mama yake alimpeleka kwa Bi. Wamuyu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Bi. Wamuyu aliugeuza mkono huku na huku, kisha akauliza, "Ukiogelea, unavuta pumzi upande gani?"

"Kulia. Sue huwa upande huo, na lazima nimwone asinipite."

Bi. Wamuyu alicheka. "Kumbe! Wewe unamchunga Sue, na bega la kushoto linabeba mzigo wote. Tena hulipumzishi. Kano zimevimba."

Alimwekea barafu iliyofungwa kwa kitambaa, akampiga marufuku kuogelea kwa mikono hadi maumivu yaishe. Akamfundisha kufunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo na kukivuta polepole, ili misuli ya nyuma ya bega ipate nguvu.

Jamani, kazi ilikuwepo! Wenzake walipita wakikata maji, yeye akielea chali na kupiga miguu tu. Siku nyingine alilia. Lakini tyubu aliivuta kila jioni, na maumivu yakaisha. Kocha alimrudisha kidogo kidogo, akimfundisha kupumua pande zote mbili. Mwanzoni alimeza maji mpaka Sue akavunjika mbavu kwa kucheka.

Siku ya mashindano, Jemutai aliruka majini timu yake ikiwa ya pili, nyuma ya msichana wa Gilgil. Hakumtafuta mtu kwa macho. Alipumua kulia, akapumua kushoto, mabega yote mawili yakivuta sawasawa. Akamfikia. Akampita! Alipogusa ukuta akiwa wa kwanza, vigelegele vya mama yake vilizima hata filimbi.

Timu ilimzunguka Kocha, kombe likiwa mikononi mwake. "Jemutai hakushinda kwa kuvumilia maumivu," alisema. "Ameshinda kwa sababu alitibiwa, akapumzika, akarekebisha kosa lake. Mwili ukiuma, unawaambia kuna jambo. Msiyafiche maumivu. Semeni siku hiyohiyo, nami sitamfukuza mtu kwa kusema ukweli."

Kisha Sue akainua mkono, uso umemshuka. "Basi, Kocha... goti langu linauma."

Kocha alimkabidhi Jemutai kombe, akachuchumaa kulitazama goti.